Injini inalia au inaguna? Kutafuta ugonjwa wa variata kabla ya kugusa rola

Mteja akifika na kusema, "Fundi, nitilie rola nyepesi," mimi simjibu bei ya rola, vile vipande vya duara vyenye uzito vinavyopanga gia ya pikipiki ya otomatiki. Namuuliza kwanza: ukivuta mafuta mpaka mwisho, injini inalia au inaguna? Inayolia inapandisha mizunguko na pikipiki haifuati. Inayoguna imelemewa, sauti nzito, inatetema chini ya kiti kama punda aliyebebeshwa kupita kiasi. Jibu la swali hilo linaniambia mengi kuliko jina la rola aliloambiwa na rafiki yake.

Huku Unguja kila pikipiki ya kuweka miguu mbele tunaiita vespa, hata kama imetoka China jana. Vespa ya asili, ile ya zamani yenye gia kwenye mkono wa kushoto, haina variata (ile puli yenye rola inayobadilisha gia yenyewe) wala mkanda, kwa hiyo mwenye hiyo atanisamehe. Nazungumzia za otomatiki: za cc 50, 110, 125 na 150, na zaidi jamii ya GY6, kwa sababu viwanda vingi vya China vimetengeneza injini hiyo hiyo na spea zake zinaingiliana.

Ukifungua kifuniko kirefu cha kushoto utakuta puli mbili na mkanda. Puli ya mbele imekaa kwenye krenki, shafti kuu ya injini. Uso wake wa nje, wenye mapezi ya feni, haujongei. Wa ndani unateleza. Nyuma ya huo unaoteleza kuna rola sita kwenye njia zenye mwinuko. Injini ikizunguka rola zinatupwa nje, zinapanda njia zao, zinausukuma uso, na mkanda unabanwa ukapanda juu. Mkanda haurefuki, kwa hiyo kule nyuma unalazimika kuzama, na kule kuna springi kubwa isiyotaka puli ifunguke. Gia yako yote ni ubishi kati ya rola na springi hiyo. Waholanzi waliwahi kuendesha gari zima kwa mikanda ya namna hii, DAF 600 ya mwaka 1958, kwa hiyo asikuambie mtu kwamba ni mchezo wa watoto.

Rola nzito zinaishinda springi mapema, gia inapanda injini ikiwa bado chini. Rola nyepesi zinahitaji mzunguko mkubwa zaidi ndipo zishinde. Basi. Rola haziongezi nguvu hata chembe. Zinachagua tu injini ifanye kazi kwenye mzunguko gani. Na ule msemo wa mitaani kwamba "rola nzito ndiyo spidi" umewapotezea watu fedha nyingi. Mkanda ukishafika ukingo wa juu wa puli umefika, rola ziwe za gramu 9 au 13. Nzito zikizidi, injini inashindwa kuisukuma gia hiyo na spidi inashuka badala ya kupanda.

Kwanza, hakikisha si injini

Isimamishe kwa stendi ya kati, zima, zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Likigoma, breki inashika, na hakuna rola duniani itakayotibu breki. Angalia upepo wa matairi. Toa chujio la hewa ulitazame kwenye mwanga: barabara za vumbi la Makunduchi na mchanga wa pwani hulijaza haraka kuliko kitabu kinavyosema. Kisha plagi na kabureta. Injini ikikatakata au kurusha moshi mweusi hata ikiwa haina mzigo, tatizo liko huko, usifungue kifuniko cha kushoto bado.

Injini inalia, spidi haiji

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu rola nyepesi na mkanda unaoteleza vinasikika karibu sawa kwa mtu asiyetulia.

Tofauti yake ni hii. Rola zikiwa nyepesi mno, mzunguko unaruka mpaka mahali fulani na kusimama hapo pamoja na sauti ile ile, huku spidi ikipanda taratibu chini yake. Sauti ni moja, imenyooka. Hakuna harufu. Mkanda au klachi ikiteleza, sauti haitulii: inapanda ghafla ukiongeza mafuta, inashuka, inapanda tena, hasa umebeba abiria au unapanda mwinuko. Baada ya kilomita chache, ukisimama na kuinama, utanusa mpira ulioungua kama ni mkanda, au ile harufu kali ya breki kama ni klachi.

Kujua ni kipi kati ya hivyo viwili, angalia inateleza lini. Ikiteleza tangu unapoondoka na ikashika baadaye, shaka yangu inaenda kwenye viatu vya klachi, vile vinavyotanuka na kushika bakuli lake kule kwenye puli ya nyuma. Ikiondoka vizuri halafu ikateleza katikati ya mwendo au mlimani, ni mkanda, au springi kubwa ya nyuma imechoka na haiubani tena.

Fungua uangalie. Mkanda wa upana wa milimita 20 ukishafika 19 ni wa kutupa, hata kama meno yake yote yapo na unaonekana mzima. Pima kwa venia, kile kipimo cha milimita chenye taya, usipime kwa jicho. Tazama mbavu za mkanda: zikiwa zinang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, ulikuwa unateleza. Pitisha kidole kwenye nyuso za puli. Kidole kikirudi na mafuta, tafuta yalikotoka kabla ya kuweka mkanda mpya, la sivyo mpya nao utakufa kwa ugonjwa ule ule. Mafuta yanatoka sehemu tatu: sili ya krenki nyuma ya variata, sili ya boksi la gia kule nyuma, au fundi aliyepita kabla yangu aliyejaza grisi kwenye puli ya nyuma mpaka ikatapika. Huyo wa tatu namkuta mara nyingi zaidi.

Maji nayo. Ukipita kwenye dimbwi refu siku za masika, maji yakaingia kwenye kasha, pikipiki italia bila kwenda kwa dakika kadhaa. Usivute mafuta kwa hasira. Endesha polepole mpaka pakauke, kisha sikiliza tena. Wapo walionunua mkanda kwa sababu ya mvua tu.

Injini inaguna wakati wa kuondoka

Rola nzito mno ni sababu mojawapo, lakini jiulize: pikipiki ilikuwa nzima, haijaguswa, na sasa inaguna? Basi rola hazikuongezeka uzito usiku. Kuna kitu kimekwama.

Fanya jaribio hili. Ondoka kutoka mahali ambapo umesimama muda. Kisha endesha kama kilomita 50 kwa saa, funga breki kwa nguvu mpaka usimame, na ondoka tena papo hapo. Kama mara ya kwanza iliondoka vizuri na mara ya pili ikaguna, gia hairudi chini kwa wakati. Puli ya nyuma ina vijiti vinavyoteleza kwenye mifereji ya mshazari. Grisi yake ikikauka au mifereji ikilika, puli inachelewa kufunga, na wewe unajaribu kuondoka ukiwa kwenye gia ya juu. Ifungue, isafishe, tia grisi ya joto kali kidogo tu, badilisha mipira ya duara. Springi yake ikiwa fupi kuliko mpya, ibadilishe.

Ikiguna mara zote mbili, hamia mbele. Toa uso unaoteleza uusukume kwenye bushi yake, ule mrija wa chuma unaotelezea, kwa vidole viwili. Unapaswa kwenda na kurudi kama droo nzuri ya kabati. Ukikwama, bushi ina kutu au imelika. Huku kwetu hewa ya chumvi inafanya kazi hiyo ikiwa pikipiki imelala miezi. Kisha mwaga rola mezani. Rola nzima ni duara kamili. Iliyolika ina bapa upande mmoja, kama sabuni ya kipande iliyotumiwa na mtu asiyeigeuza. Ziviringishe kwenye kioo: yenye bapa itajikwaa, na itajikwaa vivyo hivyo ndani ya variata. Za kipenyo cha milimita 18, za 125 na 150 nyingi za GY6, mwisho wake ni 17.4. Za 50, zenye kipenyo cha 16, mwisho ni 15.4. Moja ikifika, badilisha zote sita.

Sababu nyingine ya kuguna ni springi ndogo za klachi kulegea. Klachi inashika mapema mno, hata injini haijapata pumzi. Dalili yake ni kwamba pikipiki inataka kutambaa yenyewe kwenye taa nyekundu ukiwa hujagusa mafuta.

Kutetemeka na kugonga

Mtetemo wa pale unapoondoka tu, halafu unatoweka, ni klachi: viatu vimepata ngozi ngumu inayong'aa, au bakuli lake si duara tena. Kwaruza viatu na ndani ya bakuli kwa msasa. Bakuli lenye alama za bluu za joto, mimi nalibadilisha. Na hilo vumbi jeusi usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu; viatu vya zamani vilikuwa na asbesto. Lifute kwa kitambaa kibichi.

Tak-tak-tak injini ikiwa mlio wa chini, ikapotea ukivuta mafuta: fungua bamba la nyuma la variata uangalie vile vipande vitatu vya plastiki vinavyoteleza. Vimelika. Ni spea ya bei ndogo kabisa, na watu hubadilisha variata nzima kwa sababu yake.

Mwisho wa spidi umeshuka

Nunua kalamu ya wino mzito, zile za kuandikia makatoni. Kifuniko kikiwa wazi na injini imezimwa, futa puli ya mbele kwa petroli, ikauke, chora mistari mitatu kuanzia katikati mpaka ukingoni. Funga. Nenda barabara iliyonyooka, vuta mpaka mwisho wake salama, kisha rudi ufungue tena.

Mkanda umefuta wino kila ulipopita. Ukifutika mpaka ukingoni, variata yako imemaliza kazi yake. Spidi unayoitafuta iko kwenye injini, au kwenye uzito wako na wa abiria. Ukibaki wino wa milimita kadhaa juu, mkanda haukufika. Sasa rudi kwenye swali la kwanza. Haukufika na injini ilikuwa inalia? Rola ni nyepesi, au mkanda umelika upana, maana mwembamba haupandi hadi juu. Haukufika na injini ilikuwa inaguna? Nguvu haitoshi kwa gia hiyo: rola nzito, springi ya nyuma ngumu kupita kiasi, au injini yenyewe mgonjwa.

Angalia pia namba ya mkanda. 743-20-30 maana yake urefu milimita 743, upana 20, pembe nyuzi 30. Kuna GY6 za kasha fupi zinazotumia huo na za kasha refu zinazotumia 842. Hakuna anayechanganya hizo mbili kwa bahati mbaya, lakini 835 na 842 watu huchanganya, na muuzaji atakuambia "ni ule ule, kaka". Si ule ule.

Mkanda unakatika kila mara

Joto. Kasha lina njia ya kuingiza hewa, na wenye nyumba za wageni kule Paje na Nungwi wanaokodisha pikipiki hizi kwa watalii wananiletea makasha yaliyojaa mchanga na unga mweusi wa mkanda mpaka feni haivuti kitu. Safisha njia hiyo kila unapofungua. Kagua pia mapezi ya feni. Yakivunjika, ni kwa sababu kuna mtu aliyaingiza bisibisi ili kushikilia puli akifungua nati. Tumia kishikizi chake.

Sasa, rola

Vyote hivyo vikiwa vizima ndipo tunazungumza uzito. Kabla ya hapo ni kupiga ramli.

Tafuta kipima mizunguko, hata kile kidogo cha waya unaozungushwa kwenye waya wa plagi. Vuta mafuta mpaka mwisho kwenye tambarare, usome mzunguko ambao injini inatulia spidi ikiendelea kupanda. Hiyo ndiyo namba ya kushughulikia. 150 nyingi za GY6 hutoa nguvu yao kubwa karibu na mizunguko 7,500 kwa dakika. Ikiwa yako inatulia kwenye 6,500 na rola za gramu 13, unaacha nguvu mezani.

Hesabu yake ni ndogo. Msukumo wa rola unakwenda na uzito wake, na mzunguko uliozidishwa kwa wenyewe. Gawanya 6,500 kwa 7,500, unapata 0.867. Zidisha kwa yenyewe, 0.75. Zidisha kwa gramu 13: karibu 9.8. Lakini usiruke moja kwa moja. Weka 11 kwanza. Hesabu hiyo hiyo inasema zitakupeleka kama 7,070, na watu wengi wanaobeba abiria wanabaki hapo kwa sababu kila gramu unayopunguza unailipa kwa petroli na kwa kelele. Kwa 50 nenda kwa nusu gramu. Ukitaka 10.5 na dukani zipo 10 na 11 tu, nunua seti mbili uzipange moja-moja, nzito, nyepesi, nzito, zizunguke zikiwa na mizani. Usiweke tatu nzito upande mmoja.

Usiamini namba iliyoandikwa kwenye pakiti. Niliwahi kununua seti za gramu 11 kwenye duka moja la spea, nikaona pikipiki inatetema bila sababu. Nikazipeleka kwa sonara jirani, tukazipima moja moja kwenye mizani yake ya dhahabu: nyepesi ilikuwa 10.2, nzito 11.9. Sonara akacheka sana, akaniambia kwake tofauti hiyo ni pete. Tangu siku hiyo kila seti inapita kwake kwanza.

Mzee mmoja wa Pemba aliniletea 150 yake akilalamika kwamba hapa mjini inakimbia vizuri, lakini akiivusha kwa meli, kile kilima cha kutoka bandarini Mkoani kinamshinda akiwa na mkewe nyuma. Unguja ni tambarare. Pemba ni vilima juu ya vilima. Alikuwa ametiliwa gramu 13 na kijana aliyemwambia zitampa spidi. Mkanda ulikuwa mzima, klachi nzima, inaguna. Nikampa tatu za 10 na tatu za 11. Akapiga simu kutoka Chake: inapanda, lakini tanki linaisha upesi zaidi. Nilikuwa nimemwambia.

Ile springi kubwa ya nyuma ya rangi, ya mizunguko 1,000 au 1,500, usiiguse kwa sababu tu inauzwa pamoja na rola. Springi ngumu inaurudisha mkanda kwenye gia ya chini upesi zaidi mlimani, lakini inautafuna na kuupasha moto. Naiweka pale tu ambapo rola ziko sawa na mkanda mpya bado unateleza kwa mzigo, au gia inachelewa kushuka.

Rola zenyewe naziweka kavu. Grisi ikiyeyuka inaishia kwenye mkanda, isipokuwa variata ya aina yako ina mpira wa kuizuia na kitabu chake kinaitaka. Na kabla hujatoa za zamani, tazama upande uliofunikwa wa kila rola umeelekea wapi, urudishe zote vivyo hivyo.

Kufunga nati, ambako krenki nyingi zinakufa

Kosa hili nimeliona kwa vijana wenye mikono mizuri kabisa. Unarudisha variata, unavalisha mkanda, unatia puli ya feni, unakaza nati mpaka mashine ya kukazia inagoma. Unadhani umebana chuma kwa chuma. Kumbe mkanda umebanwa katikati, na uso wa feni haujagusa bushi. Unawasha, mkanda unapanda, nafasi inabaki, nati inalegea. Baada ya kilomita chache uso wa feni unacheza kwenye meno ya krenki na kuyasaga. Mpasuo wa injini nzima kwa ajili ya mkanda uliokaa vibaya.

Kwa hiyo anza nyuma. Fungua puli ya nyuma kwa mikono miwili, uzamishe mkanda ndani kabisa, ubane pande zake kwa kidole gumba ili usiruke. Mbele sasa utakuwa umelegea, unaning'inia chini karibu na bushi. Tia uso wa feni, hakikisha meno ya krenki yanaonekana yameingia kote, tia wosha (ile pete ya chini ya nati), kisha nati kwa mkono mpaka iguse. Usifike kwenye spana bado.

Kaza kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako, huku puli imeshikwa na kishikizi. Halafu ingiza kidole nyuma ya mkanda uusukume uso unaoteleza. Ukijongea kwa ulaini na mkanda bado umelegea, nati imekaa pahala pake. Ukigoma, fungua yote uanze upya, hata kama mteja amesimama nje na anatazama saa.